Sukari Katika Mkia wa Kingamwili na Hatari ya Wiki ya Pili ya UVIKO-19

Utangulizi

Wahudumu wa afya waliowatibu wagonjwa wa UVIKO-19 wanaufahamu mwenendo mmoja wa ugonjwa huo usiofanana na wa mafua ya kawaida. Mgonjwa huanza kwa homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Siku tano au sita hupita akiwa bado na nguvu za kukaa nyumbani na kuzungumza na jamaa zake. Kisha, mwishoni mwa wiki ya kwanza au katika wiki ya pili, pumzi hubana na oksijeni ya damu hushuka, wakati mwingine kwa muda wa saa chache tu. Ajabu ni kwamba katika siku hizo kiasi cha virusi kooni na puani kwa kawaida huwa kimekwisha kuanza kupungua. Kinachopanda wakati huo ni kingamwili.

Hapo ndipo swali linapozuka. Kingamwili ni silaha za mwili dhidi ya maradhi. Inawezekanaje baadhi ya wagonjwa wazidiwe katika siku zile zile ambazo silaha hizo zinafika? Sehemu ya jibu imepatikana mahali ambapo wengi hawakupatazamia: katika mnyororo mfupi wa sukari uliofungwa kwenye mkia wa kila kingamwili. Makala hii inaeleza mnyororo huo ni nini, hubadilika vipi katika maradhi makali ya virusi, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa.

Umbo la kingamwili na kazi zake

Kingamwili zilizo nyingi zaidi katika damu ni za aina ya IgG. Kila moja ni protini iliyoundwa kwa minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi, iliyoshikamana ikafanya umbo la herufi Y. Sehemu mbili za juu ni mikono. Mikono hiyo huchagua: ya kingamwili moja hukishika kirusi cha surua, ya nyingine hukishika kirusi cha korona, na kila moja huacha visivyoihusu. Sehemu ya chini ni mkia.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kingamwili hukoma pale mikono inaposhika. Ni kweli kwamba kirusi kilichozungukwa na kingamwili zenye kushika mahali panapofaa huweza kushindwa kuingia katika seli, na kazi hiyo ni muhimu sana. Lakini kazi nyingine hufanywa na mkia. Seli za kinga, kama vile makrofaji ambazo humeza vijidudu, na seli uaji asilia ambazo huangamiza seli zilizoambukizwa, zina vipokezi vya kuupokea mkia huo. Kingamwili nyingi zinaposhika kirusi kimoja kwa pamoja, mikia yao huvigusa vipokezi vingi kwa wakati mmoja, na seli ya kinga hupata amri ya kutenda: imeze, iue, au iite wenzake kwa kutoa kemikali za kuamsha mchochota, yaani ile hali ya joto, uvimbe na mkusanyiko wa seli ambayo mwili huitumia kupambana na maradhi.

Kwa hiyo mikono ya kingamwili huamua ni adui gani atakayeshikwa, na mkia huamua atakabiliwa kwa ukali kiasi gani.

Sukari zilizo mkiani

Katika kila mnyororo mzito wa IgG, kwenye amino asidi iliyo nafasi ya 297, pamefungwa tawi la sukari. Kwa kuwa minyororo mizito ni miwili, kila kingamwili ina matawi mawili, yaliyojificha kati ya pande mbili za mkia. Uzito wake ni mdogo, yapata asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito wa kingamwili nzima. Hata hivyo, tawi hilo likiondolewa kabisa, mkia hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kushikamana na vipokezi vya seli.

Tawi lina kiini cha sukari saba ambazo hupatikana karibu katika kila IgG: manosi tatu na asetiliglukosamini nne. Juu ya kiini hicho huweza kuongezwa sukari nyingine. Fukosi hufungwa shinani. Galaktosi huwekwa kwenye ncha, moja au mbili, au isiwekwe kabisa. Asidi ya siali huweza kuwekwa juu ya galaktosi. Tofauti hizi ndizo zinazofanya IgG mbili zenye mikono ya namna moja ziwe na tabia mbalimbali.

Hapa pana jambo linalopaswa kuelezwa bayana kwa wagonjwa. Sukari hizi si ile sukari inayopimwa katika damu ya mwenye ugonjwa wa kisukari, wala si sukari ya chai. Hufungwa na vimeng'enya ndani ya seli inayotengeneza kingamwili, kabla kingamwili haijatoka kuingia katika damu. Kwa mfano, fukosi ya shinani hufungwa na kimeng'enya kiitwacho FUT8. Hakuna chakula, asali, mitishamba wala kidonge cha virutubisho kilichothibitishwa kuzirekebisha sukari za kingamwili ili kumkinga mtu na UVIKO-19 kali. Mwenye kisukari ana sababu nyingine nzito ya kudhibiti sukari yake ya damu, kwa kuwa kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kuugua vibaya. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Wataalamu wamejua kwa muda mrefu kwamba sukari hizi hubadilika katika maradhi. Mwaka 1985 ilichapishwa taarifa iliyoonyesha kwamba IgG za watu wenye baridi yabisi ya viungo zina galaktosi pungufu kuliko za watu wenye afya. Baadaye ilionekana kwamba galaktosi hupungua pia kadiri umri unavyosonga, na kwamba huongezeka wakati wa ujauzito, kipindi ambacho wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu. Katika UVIKO-19 pia galaktosi na asidi ya siali hubadilika, lakini badiliko lililovuta macho zaidi ni la fukosi.

Fukosi kama breki

Kwa mtu mzima mwenye afya, zaidi ya asilimia 90 ya IgG zilizo katika damu zina fukosi shinani mwa tawi. Sukari hiyo moja hufanya kazi inayofanana na ya breki. Kipokezi kimoja, kinachojulikana maabara kwa jina la CD16a, nacho kina tawi lake la sukari. Kinapoukaribia mkia wa kingamwili, matawi hayo mawili huelekea kukutana, na fukosi husimama katikati ikiwa kikwazo. Fukosi ikikosekana, matawi hukaribiana na mshiko huwa na nguvu mara kumi au zaidi.

Watengenezaji wa dawa wameitumia hali hiyo kwa makusudi. Dawa ya obinutuzumab, inayotumika kutibu baadhi ya saratani za damu, ni kingamwili iliyotengenezwa ili fukosi yake iwe pungufu na seli uaji asilia zipate nguvu zaidi ya kuziua seli za saratani. Basi kukosekana kwa fukosi si ubaya wala wema peke yake. Nguvu iyo hiyo inayofaa katika saratani huweza kudhuru ikiamshwa ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu, ambavyo kuta zake ni nyembamba mno na haviwezi kustahimili mchochota mkubwa bila kujaa majimaji.

Yaliyobainika katika UVIKO-19

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, makundi ya watafiti nchini Uholanzi na Marekani yalipima sukari za kingamwili za wagonjwa wa UVIKO-19 kwa spektrometria ya tungamo, yaani mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Matokeo yao yanakubaliana katika mambo makuu.

Kwanza, walipotenga zile kingamwili zinazoishika protini ya miiba ya kirusi, waligundua kwamba kwa wagonjwa mahututi sehemu kubwa zaidi ya kingamwili hizo ilikosa fukosi, ikilinganishwa na za watu waliougua kwa wepesi. Tofauti hiyo haikuonekana walipopima IgG zote za damu kwa ujumla. Hii ina maana kwamba si mwili mzima uliobadilika. Ni kingamwili za kirusi kile tu zilizotengenezwa bila breki.

Pili, hali hiyo hujitokeza mapema, kingamwili zinapoanza tu kuonekana, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita. Katika utafiti mmoja wa Marekani, watu ambao kingamwili zao za mwanzo zilikuwa hafifu katika kuzuia kirusi na wakati huohuo pungufu wa fukosi walikuwa katika hatari zaidi ya kutoka kwenye ugonjwa mwepesi na kuingia kwenye ugonjwa mkali. Kingamwili zao ziliamsha vita bila kuwa na uwezo wa kutosha wa kukizuia kirusi.

Tatu, majaribio ya maabara yalionyesha njia ambayo madhara huweza kupitia. Makrofaji za binadamu zilizotayarishwa zifanane na zile za mapafu zilikutanishwa na protini ya miiba iliyozungukwa na kingamwili za wagonjwa mahututi. Zilitoa kwa wingi kemikali za mchochota, na majimaji yaliyotokana nazo yalilegeza ukuta wa seli za mishipa ya damu na kufanya chembe sahani zigande juu yake. Mganga anayekumbuka mapafu yaliyojaa majimaji na damu iliyoganda katika mishipa ya wagonjwa wa UVIKO-19 ataona uhusiano huo mara moja. Mwitikio huo ulihitaji mambo mawili yakutane: kingamwili ziwe nyingi, na ziwe pungufu wa fukosi. Aidha, panya waliowekewa vipokezi vya binadamu walipata mchochota zaidi wa mapafu walipopewa michangamano ya kingamwili zisizo na fukosi kuliko walipopewa zenye fukosi.

Ushahidi huu una mipaka, nayo inafaa kuelezwa. Kuonekana pamoja kwa mambo mawili kwa wagonjwa hakuthibitishi kwamba moja ndilo chanzo cha jingine. Majaribio ya maabara na ya panya huongeza uzito wa hoja, lakini UVIKO-19 kali ina sababu nyingi zinazofanya kazi pamoja: umri, unene uliokithiri, kisukari, shinikizo la damu, urithi, na wingi wa virusi. Sukari ya kingamwili ni uzi mmoja katika mkeka huo.

Dengi na malaria

Kirusi cha korona si cha kwanza kuhusishwa na jambo hili. Mwaka 2017 watafiti walitoa taarifa kwamba wagonjwa wenye homa kali ya dengi walikuwa na kingamwili za IgG zenye fukosi pungufu dhidi ya kirusi hicho. Taarifa ya mwaka 2021 iliongeza kwamba upungufu huo ulitabiri ukali wa ugonjwa kwa watu waliopata dengi kwa mara ya pili. Imejulikana kwa miongo mingi kwamba dengi ya mara ya pili, inayoletwa na aina tofauti ya kirusi, huweza kuwa kali kuliko ya kwanza, kwa kuwa kingamwili za zamani hukisaidia kirusi kuingia katika seli. Sukari za mkia zinasaidia kueleza kwa nini hatari hiyo humpata mmoja na kumwacha mwingine. Jambo hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani Dar es Salaam imekumbwa na milipuko ya dengi, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019.

Katika malaria picha hugeuka. Uchunguzi wa sampuli kutoka Ghana, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba maambukizi ya asili ya vimelea vya Plasmodium falciparum huzalisha kingamwili pungufu wa fukosi dhidi ya protini ambazo vimelea huziweka juu ya chembe nyekundu za damu. Kingamwili hizo huziamsha seli uaji asilia kwa nguvu zaidi, jambo ambalo huenda likawa sehemu ya kinga wanayoipata watu wanaoishi penye malaria. Ukali ule ule unaodhuru mapafuni huenda ukanufaisha katika damu.

Watafiti wanatoa maelezo ya kinachoyaunganisha haya. Protini ya adui inapojitokeza juu ya utando wa seli ya mwili wenyewe, kama ilivyo kwa virusi vyenye utando na kwa chembe nyekundu zenye vimelea, seli inayotengeneza kingamwili huonekana kupokea ishara tofauti na ile inayotolewa na protini inayoelea peke yake. Dhana hiyo inaungwa mkono na hali ya virusi visivyo na utando, kama vile kirusi cha parvo B19, ambavyo kingamwili zake hazikuonyesha upungufu huo wa fukosi.

Je, chanjo nazo?

Msomaji makini atauliza: ikiwa kingamwili huweza kuchochea madhara, je, chanjo zinazozalisha kingamwili ni salama? Swali hili ni la haki na linastahili jibu lililo wazi.

Kingamwili zinazotokana na chanjo zimepimwa pia. Chanjo zenye protini iliyosafishwa, kama ile ya homa ya ini aina ya B, huzalisha IgG zenye fukosi kwa wingi, tofauti na maambukizi ya asili ya kirusi kicho hicho. Kwa chanjo za UVIKO-19 za mRNA, watu ambao hawakuwahi kuambukizwa walionyesha upungufu mdogo wa fukosi mwanzoni, uliodumu kwa muda mfupi na kutoweka. Kisha mtu aliyechanjwa huwa na kingamwili zilizokomaa, zenye uwezo mkubwa wa kukizuia kirusi, kabla hajakutana nacho. Hali hiyo ni kinyume cha ile ya mgonjwa mahututi, ambaye kingamwili zake hafifu hufika virusi vikiwa vimekwisha kuenea mapafuni. Kwa hiyo elimu hii haimpi mtu sababu ya kuikwepa chanjo. Inampa sababu ya kuipata mapema.

Maana yake katika matibabu

Kipimo cha sukari za kingamwili hakijaingia katika huduma za kila siku. Kinahitaji mashine ghali na kazi ya maabara ya utafiti, na mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hahitaji kukisubiri. Anachohitaji ni kuelewa kanuni iliyo nyuma yake: ugonjwa una awamu mbili, na dawa inayofaa awamu moja huweza kudhuru katika nyingine.

Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotangaza matokeo yake Juni 2020, lilionyesha jambo hilo kwa takwimu. Wagonjwa 2,104 walipewa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, na 4,321 walipata huduma ya kawaida. Miongoni mwa waliokuwa katika mashine za kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa dawa na 41.4 kwa wasiopewa. Miongoni mwa waliohitaji oksijeni bila mashine hizo, vilikuwa 23.3 dhidi ya 26.2. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, hapakuonekana manufaa: vifo vilikuwa asilimia 17.8 kwa waliopewa dawa na 14.0 kwa wasiopewa, tofauti iliyoelekea upande wa madhara ingawa haikufikia kiwango cha uthibitisho.

Deksamethasoni haibadilishi sukari za kingamwili zilizokwisha kutengenezwa. Inapunguza mchochota ambao kingamwili hizo na vichocheo vingine vimeuamsha. Ndiyo maana humfaa mgonjwa ambaye mapafu yake yanaumizwa na mwitikio wa mwili wenyewe. Mgonjwa wa siku ya pili au ya tatu, ambaye bado virusi vinazaliana ndani yake na oksijeni yake ni ya kawaida, hana mchochota huo wa kupunguzwa, na dawa huweza kumpokonya kinga anayoihitaji.

Katika jamii zetu onyo hili si la nadharia. Steroidi hununuliwa katika maduka ya dawa bila cheti, na wapo wanaozimeza mara wanaposikia kikohozi. Dawa hizo hupandisha sukari ya damu kwa mwenye kisukari, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na huweza kuwafanya minyoo aina ya strongiloidi kuenea mwilini kwa namna ya kuhatarisha maisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza steroidi kwa wagonjwa wenye UVIKO-19 kali au mahututi, na linashauri zisitolewe kwa wasio katika hali hiyo.

Mpaka kati ya awamu hizo mbili hutambuliwa kwa kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kipimo kilicho chini ya asilimia 90 mgonjwa akivuta hewa ya kawaida ni dalili ya ugonjwa mkali. Hata hivyo kifaa hicho hudanganya kikiwekwa kwenye kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi hukosa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mhudumu asikitegemee pekee. Ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima anayevuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika, au anayeshindwa kumaliza sentensi, ni mgonjwa mkali hata kama namba ya kidoleni inaridhisha.

Mambo ya kuzingatia

1. Kuwa na kingamwili katika kipimo cha damu hakumaanishi kwamba mgonjwa amevuka hatari. Kingamwili hutofautiana kwa ubora, si kwa wingi tu.

2. Siku ya dalili za kwanza iandikwe katika kadi ya mgonjwa. Kuanzia siku ya tano hadi ya kumi na mbili afuatiliwe kwa karibu zaidi, hasa akiwa mzee, mwenye kisukari, shinikizo la damu au unene uliokithiri.

3. Mgonjwa aliye nyumbani arejee kituoni mara moja akibanwa pumzi, akichoka kwa kutembea hatua chache, akichanganyikiwa, au midomo ikibadilika rangi. Asingoje kesho kwa kuwa homa imeshuka.

4. Deksamethasoni na steroidi nyingine zitumike kwa maelekezo ya mganga, kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni, kwa dozi na muda uliopangwa.

5. Hakuna chakula wala kirutubisho kilichothibitishwa kurekebisha sukari za kingamwili. Kudhibiti kisukari na kupata chanjo kwa wakati ni hatua zenye ushahidi.

Elimu ya sukari za kingamwili bado inakua, na huenda siku moja ikatoa kipimo cha kumtambua mapema mgonjwa atakayezidiwa, au dawa ya kuzuia amri ya mkia bila kudhoofisha mikono. Kwa sasa imetoa sababu ya kisayansi ya jambo ambalo wauguzi wengi walilijua kwa macho yao wodini: mgonjwa wa siku ya saba anayesema amepata nafuu bado anastahili kuhesabiwa pumzi.